Nahodha PN wa Mabanga

Mguu ndio ulioanzisha mambo yote. Phelista Nasimiyu alikuwa juu ya bodaboda akipeleka mayai sokoni Bungoma, mvua imetoka kunyesha, na pale kwenye kona ya kutokea Mabanga pikipiki ikateleza kama imekanyaga sabuni. Dereva aliinuka akijipangusa matope. Halikubaki yai hata moja. Phelista naye alijaribu kuinuka, akauona mguu wake wa kulia umeelekea upande usio wake, akaketi tena taratibu na kusema, "Haya basi."

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwalimu wa ufugaji wa kuku katika kituo cha mafunzo ya wakulima. Wanawake wengi wa upande ule, hadi kwao alikozaliwa Naitiri, walijua kutofautisha kuku mgonjwa na kuku mvivu kwa sababu yake. Alikuwa na sauti ya kufika mwisho wa banda bila kipaza sauti, na miguu isiyojua kutulia. Sasa mtu wa namna hiyo umfunge plasta kutoka kifundo hadi juu ya goti, umwambie akae kitini mpaka mfupa uunge. Wiki ya kwanza alisoma Biblia. Wiki ya pili aligombana na redio. Wiki ya tatu aligombana na mumewe, Jairus, mstaafu wa serikali na mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye hakuwa amemkosea lolote isipokuwa kupita mbele yake akitembea.

Ndipo binti yao Emmy alipokuja kutoka Kisumu kumwona. Alikuja na ndizi, mafuta ya kukanda, na mashine yake ya gemu ndani ya begi la mgongoni.

"Mama, hii nakuachia," alisema akiiunganisha kwenye TV. "Usipoipenda, uifunike na kitambaa."

"Mimi nicheze gemu? Niwe mtoto?"

"Si mchezo. Ni hadithi. Wewe ndiye unatembea ndani yake."

Gemu yenyewe iliitwa Veyra, na zilikuwa nne zilizofuatana. Ilihusu sayari iliyokauka, na watu wake walioondoka kwa chombo kikubwa cha angani kilichoitwa Ondari, wakiongozwa na nahodha Isel, kutafuta pa kuishi. Njiani walikuwa wanawindwa na Wajivu, viumbe walioumbwa kwa majivu ya sayari ile ile waliyoikimbia. Emmy alimwonyesha mamake jinsi ya kushika padi, kile kidude cha vitufe, jinsi ya kutembea, jinsi ya kufyatua bunduki ya mwanga. Phelista aliuawa kabla hajatoka mlangoni. Akauawa tena. Akauawa mara nyingi hata Emmy akaziba mdomo kwa leso asicheke.

Lakini kabla Emmy hajarudi Kisumu, mamake alifika kwenye mwezi mmoja ulioitwa Tesh, ambako watu walilima nafaka ndani ya mapango chini ya taa. Hapo Phelista aliinama mbele, akakodoa macho.

"Emmy. Hawa wamepanda karibu karibu. Hii kitu haitazaa."

"Mama, ni gemu."

"Nani mkubwa wa hili shamba? Nipeleke nimwambie."

Mkubwa wa shamba lile alikuwa bibi kizee aitwaye Oru, mtunza mbegu. Ulikuwa ukimkaribia na kubonyeza kitufe, anaongea nawe. Ukibonyeza tena, anaongeza neno. Wachezaji wengi walimsikiliza mara moja, wakachukua mbegu walizotumwa, wakakimbilia vita. Phelista hakuwa na haraka ya vita, maana vita vilimshinda. Alibaki palepale, akibonyeza na kubonyeza, mpaka Oru akaishiwa na maneno. Na hivyo ndivyo alivyoicheza Veyra yote: polepole, akizungumza na kila mtu, akichungulia kila ghala, akisoma kila kaburi. Mguu ulipopona na plasta kukatwa, alirudi kazini, lakini kila jioni baada ya kufunga kuku na kuivisha ugali, Nahodha Isel alikuwa akimngoja sebuleni.

Jairus alitazama jambo hili kama mtu anayetazama moshi ukitoka nyumba ya jirani, hajui kama apige kelele au anyamaze.

"Mama Emmy, watu wakijua?"

"Wajue nini? Kwani nimeiba?"

"Mke wa mzee wa kanisa, anapigana na majivu."

"Sipigani nayo sana, Baba Emmy. Mara nyingi inanipiga yenyewe."

Walijua, kwa kweli. Mama Gathoni, mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani, alipita siku moja kuchukua kifaranga, akachungulia dirishani, na Jumapili iliyofuata wakati wa chai alimuuliza Phelista mbele za watu, "Vita vinaendeleaje huko mwezini?" Wenzake wakacheka mpaka chai ikamwagika. Phelista alicheka pamoja nao, lakini jioni ile alivuta pazia la sebuleni kabla ya kuwasha TV.

Ni Emmy aliyemwingiza kwenye kikundi cha WhatsApp. Kiliitwa Veyra Magharibi, na ndani yake walikuwemo mashabiki wa Bungoma na wa Kitale, vijana wa kila kazi, waliokuwa wakirushiana maswali kuhusu gemu ile kutwa nzima kama watu wanaorushiana mahindi ya kuchoma yenye moto. Nahodha Isel alipoteza kidole gani, na vipi? Mlango wa saba wa Ondari haufunguki kwa nini? Roboti Moro alitengenezwa wapi, na nani aliyempa jina? Anayejibu kwanza alisifiwa, anayekosea alichomwa kwa maneno mpaka aombe msamaha.

Phelista alijiandikisha kwa jina la Nahodha PN, akaweka picha ya chombo Ondari. Juma zima alisoma tu. Halafu mtu akauliza kwa nini watoto wa Tesh hufunga utepe mweusi mkononi, wote wakajibu ni maombolezo, na yeye akaandika: "Si maombolezo. Ni alama ya zamu ya kumwagilia. Muulize Oru mara ya nne, atakuambia." Wakaenda kumuuliza Oru mara ya nne. Waliporudi, simu ikaanza kutetemeka.

"Buda PN, wewe ni moto!"

"Huyu msee ametoka wapi bana?"

"PN si mtu wa kawaida. Anacheza akiwa na darubini."

Hakuwarekebisha. Aliona raha kuitwa buda, kama vijana wa kiume waitanavyo. Kwa miezi mingi alikuwa kijana mmoja asiyejulikana, mwenye majibu ya ajabu, asiyewahi kutuma picha yake. Wa upande wa Bungoma aliyempenda zaidi ni Khisa, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana kando ya reli. Wa upande wa Kitale aliyempa jasho ni Kipngetich, muuza dawa za mifugo, kijana wa maneno machache ambaye hakuna aliyekumbuka kama amewahi kukosea. Yeye na PN wangeweza kubishana kuhusu kaburi moja la Tesh mchana kutwa, kwa adabu, kila mmoja akimwita mwenzake ndugu.

Kila Desemba miji hiyo miwili ilikutana ana kwa ana kwa mashindano ya maswali, na kombe lililoshindaniwa lilikuwa limetengenezwa na Khisa mwenyewe: mfano wa Ondari wa kukaa mezani, aliouunga kwa spoki na gia za baiskeli kuukuu, kila bati mahali pake. Ilikuwa kazi safi. Na tangu alipoitengeneza ilikuwa haijawahi kulala Bungoma. Kitale ilishinda mwaka wa kwanza, ikashinda wa pili, na Kipngetich akaliweka kombe kwenye rafu ya duka lake katikati ya dawa ya minyoo na ya kupe.

"Mtoto wangu analelewa na watu," Khisa alilalamika kikundini. "PN, mwaka huu lazima ukuje. Twende wawili. Usikatae bana."

Phelista aliisoma mara nyingi. Aliiweka simu chini, akaenda kulisha kuku, akarudi, akaisoma tena. Kisha akapiga moyo konde, akampigia Khisa.

"Khisa, mulembe," alimsalimu kwa Kibukusu. "Ni PN."

Upande wa pili mashine ya kusagia chuma ilizimwa.

"PN ni... samahani, naongea na mamake PN?"

"Mimi ndiye PN. PN ni Phelista Nasimiyu. Nafundisha kuku Mabanga."

Khisa alikaa juu ya kitu, kwa jinsi chuma kilivyolia. Halafu alianza kucheka, si kwa dharau, bali kicheko cha mtu aliyeokota shilingi kwenye koti la zamani. "Mayi," alisema, akimwita mama kwa Kibukusu, "wewe ndiwe ulijua ule utepe mweusi?"

"Ndiye mimi."

"Basi Kitale wamekwisha."

Jairus aliposikia, alivua miwani. Hakugomba. Alisema tu kwamba yeye hawezi kumkataza, lakini pia hawezi kusema amekubali, na kwamba Jumamosi ya mashindano kwa bahati alikuwa na safari ya kwenda Kitale kutafuta kipuri cha jembe la trekta, na pikapu ina nafasi. Phelista alimjua mumewe. Alijua kipuri kile kinapatikana Bungoma. Akapiga pasi gauni lake la buluu.

Wakapitia kwa Khisa asubuhi, wakaondoka. Mlima Elgon ulikuwa wazi upande wa kushoto, umevua mawingu yake yote. Khisa alikaa nyuma kwenye pikapu na kofia yake, akipiga mluzi, na kila walipopunguza mwendo kwenye matuta alichungulia dirishani na kurusha swali.

"Mayi! Rubani wa pili wa Ondari alikuwa anaogopa nini?"

"Maji!"

"Sawa!"

Jairus alikazia macho barabara. Baada ya Kamukuywa, aliuliza kwa sauti ya chini, "Rubani anaogopaje maji?"

"Aliona watu wakizama akiwa mdogo."

"Aah," alisema Jairus, akabadilisha gia.

Jumba la gemu lilikuwa ghorofani, katikati ya mji wa Kitale, chumba kirefu chenye skrini kubwa ukutani na viti vya plastiki vilivyojaa vijana. Jairus alisema atangoja chini. Khisa alikuwa amesimama ngazini akisalimiana na watu, kwa hiyo Phelista aliingia peke yake, mkoba begani, kitambaa kichwani. Kelele zikapungua. Kijana mmoja aliyekuwa karibu na mlango alisimama kwa heshima na kumpa kiti.

"Shikamoo mama. Unatafuta nani?"

"Marahaba. Namtafuta Kipngetich."

Vijana walitazamana. Mmoja akanong'ona, "Kipngetich amefanya nini tena?" Kutoka mbele, kijana mrefu mwembamba aliinuka polepole, uso umeingiwa na hofu ya mtu anayekumbuka dhambi zake zote kwa mpigo mmoja.

"Ni mimi, mama. Kuna shida?"

"Hakuna shida, ndugu yangu," alisema Phelista, akamnyoshea mkono. "Ni lile kaburi la Tesh. Nimekuja tumalize maneno."

Kipngetich alibaki ameshika mkono ule. Kisha akageukia ukumbi na kusema, "Wasee. Huyu ndiye PN."

Kishindo kilichofuata kilimfikia Jairus kule chini barabarani. Wengine walipiga meza, wengine walishika vichwa. Msichana mmoja aliomba picha. Ila wapo pia walioguna pembeni, na Phelista, mwenye masikio ya kusikia kifaranga kikikohoa, aliwasikia: ati Bungoma wameishiwa mpaka wakaleta mama ya mtu. Alikaa mezani karibu na Khisa, aliyekuwa ameshapanda. Aliweka mkoba mapajani.

Mwuliza maswali alikuwa Chepkosgei, mwenye jumba, mwanamke mwenye sauti ya kocha wa mbio asiyependa uvivu. Alieleza kanuni: swali huenda upande mmoja, ukikosa linakwenda wa pili, na mwisho, kama pande zimelingana, kila upande utamuuliza mwenzake swali lake wenyewe. Kando ya Kipngetich aliketi kijana mwingine wa Kitale, lakini kila mtu alijua nani hasa anayecheza.

Wakaanza. Kipngetich alijibu kama anayesoma ukutani. Phelista naye, baada ya kukosa swali la kwanza kwa woga, alipata lililofuata, na sauti yake ikaanza kurudi, ile ya bandani. Khisa alishika maswali ya mitambo, Phelista ya watu. Mara Kitale mbele, mara Bungoma. Wale walioguna pembeni wakaacha kuguna. Ilipokaribia mwisho Bungoma ilikuwa mbele kwa alama moja, na Khisa alikuwa anatikisa goti chini ya meza hata soda zikatetemeka.

"Kitale," alisema Chepkosgei. "Mtu wa kwanza kufa kwenye mwezi wa Tesh ni nani?"

Kipngetich hakusita. "Mzee Hadu. Mume wa Oru."

Chepkosgei alitazama simu yake, akatikisa kichwa. "Si kweli. Jibu nililonalo ni rubani Dakar. Bungoma, mnaweza kuchukua."

Khisa alivuta pumzi. Chepkosgei alikuwa ameshalitaja jibu kwa kupitiwa. Ilikuwa tu kufungua mdomo na kulirudia, na hata kama lisingehesabiwa, swali lilikuwa limewapita Kitale. Ondari ya spoki ilikuwa pale mezani mbele yao, karibu kuguswa. Phelista aliitazama. Kisha akamtazama Kipngetich, ambaye hakulalamika, ila shingo yake ilikuwa imeinama kidogo. Hilo ndilo walilobishania, kaburi la kwanza la Tesh ni la nani. Phelista ndiye aliyekuwa akisema Dakar, miezi yote ile. Na juma lililopita, jioni moja, alikuwa amekwenda nyuma ya ghala la Tesh kwenye gemu ya pili, akasubiri upepo upeperushe mchanga, akaliona jina.

"Mwalimu," alimwambia Chepkosgei, "Kipngetich amesema kweli."

Khisa alimkanyaga mguu. Ulikuwa mguu ule ule uliovunjika, lakini hakuuondoa.

"Mimi nilikuwa nasema Dakar," aliendelea. "Watu wote wanasema Dakar. Lakini nyuma ya ghala kuna kaburi lingine, mchanga umelifunika. Ukikaa hapo bila kufanya kitu, upepo unakuja. Ni Hadu, na alizikwa kabla chombo cha Dakar hakijafika. Nilikuja hapa kumwambia huyu kijana kwamba alinishinda. Wampe alama yake."

Chepkosgei aliiweka simu kifudifudi.

"Mtu akishuhudia akijiumiza mwenyewe, mimi natafuta ushahidi mwingine wa nini? Alama kwa Kitale."

Makofi yaliyopigwa yalikuwa ya pande zote mbili. Khisa alifunika uso kwa kofia. "Mayi," alinong'ona ndani ya kofia, "utaniua." Lakini Kipngetich alikuwa amenyoosha shingo, akimtazama mama yule kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

Maswali yaliyobaki hayakubadilisha kitu, waliishia sare. Ikabaki kila upande kuuliza swali lake.

Kitale walianza. Yule mwenzake Kipngetich aliuliza: Ondari ilipopigwa bawa na Wajivu, ilibandikwa bati wapi, na bati lenyewe lilikuwa na umbo gani? Phelista alifunga macho. Hakujua. Hakuwahi kuitazama Ondari kwa nje. Macho yake siku zote yalikuwa kwa waliomo ndani. Alimgeukia Khisa, na Khisa alikuwa ameshavua kofia, uso umeng'aa.

"Bawa la kushoto, chini, karibu na mkia," alisema. "Bati la pembe tano. Pembe moja imekunjwa kwa sababu fundi wao alikosa kipimo." Akaikamata ile Ondari ya spoki, akaipindua tumbo juu, akawaonyesha. "Hii hapa. Nililichomelea mwenyewe. Mmekaa nayo miaka miwili dukani, hamkuwahi kuigeuza?"

Hata Kitale walicheka. Sasa ikawa zamu ya Bungoma, na Khisa akamsukumia Phelista kwa kiwiko.

Alisimama. Hakuhitaji kusimama, lakini alifundisha akiwa amesimama maisha yake yote. Nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, aliona kofia ya kahawia aliyoijua. Jairus alikuwa amepanda ngazi.

"Kipngetich," alisema, "kwenye pango la Oru kuna ndege wake, wale wa mabawa mafupi. Kuna pia swichi ya taa ukutani. Ukizima zile taa, ukaondoka, ukarudi siku ya pili, kunatokea nini?"

Kipngetich alifikiri. Alifikiri muda mrefu, na waliomjua walianza kusogea kwenye viti, maana hawakuwa wamezoea kumwona akifikiri.

"Ndege wanalala," alisema hatimaye.

"Hiyo ni siku ya kwanza. Siku ya pili?"

"Sijui, mama. Sikuwahi kuzizima. Kwa nini nizizime?"

"Mimi nilizizima kwa sababu nafuga kuku," alisema Phelista. "Kuku akikosa mwanga wa kutosha, anaacha kutaga. Nikasema, ngoja nione kama hawa watu wa gemu wanajua. Wanajua. Siku ya pili viota viko tupu, na Oru anasema maneno ambayo hayasemi mahali pengine popote."

Kelele zikalipuka. "Hiyo haiko!" "Amejitungia!" "Hakuna mtu ameona hiyo!" Chepkosgei alipiga meza, lakini Kipngetich ndiye aliyewanyamazisha. Aliinuka, akaenda kwenye mashine, akaiwasha, akachukua padi.

"Tutaenda kuangalia," alisema. "Mimi mwenyewe nitaenda."

Akaenda. Kwenye skrini kubwa Nahodha Isel alishuka Tesh, akakimbia darajani ambako Wajivu walikuwa wamejaa, daraja lile lililomuua Phelista hata akaacha kuhesabu. Kipngetich alilivuka kama anavuka barabara ya sokoni. Alikuwa anapigana ili ushahidi wa kumshinda ufike, na hakulegeza kidole. Akaingia pangoni. Phelista alikuwa amemsogelea bila kujua, amesimama nyuma ya kiti chake.

"Kushoto, ndugu. Nyuma ya magunia."

"Hapa?"

"Hapo. Zima."

Giza likaingia pangoni. Ndege wakajikunja. Isel akatoka, akalala, akaamka, akarudi. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Viota vilikuwa vitupu. Oru alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono mapajani, na Kipngetich akamkaribia, akabonyeza.

Bibi yule aliinua uso. Alisema, kwa Kiingereza cha pole pole, maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Hadu ndiye aliyekuwa akiwasha taa. Tangu aondoke, mimi huamka kabla ya kila mtu, nisije nikasahau."

Kipngetich aliiweka padi chini kwa uangalifu, kama yai. Kisha akageuka, akamshika Phelista mkono, akauinua juu.

Jumba lilitetemeka. Viti vilianguka. Khisa aliruka juu ya meza na Ondari yake kifuani, analia na kucheka, anasema maneno ya Kibukusu ambayo wa Kitale hawakuhitaji kutafsiriwa. Na juu ya kelele zote ilisikika sauti moja kutoka mlangoni, sauti ya mzee aliyesoma Maandiko miaka thelathini bila kuipandisha: "Mama Emmy! Mama Emmy! Huyo ni wangu!" Jairus alikuwa anapunga kofia kama mtu aliye uwanja wa mpira. Vijana walimpisha, wakampitisha kutoka mkono hadi mkono mpaka mbele, na alipomfikia mkewe hakujua la kufanya, akampa mkono kama anampongeza kwa kuhitimu. Phelista alimvuta akamkumbatia mbele za watu wote.

Kipngetich aliwasindikiza hadi kwenye pikapu. "Mama," alisema, "mwaka ujao tunakuja Bungoma."

"Karibuni. Nitachinja kuku."

"Wale wa kutaga?"

"Wale wamekataa kutaga."

Walirudi na Ondari katikati yao kwenye kiti cha mbele, imefungwa mkanda, kwa sababu Khisa alikataa kabisa isafiri nyuma. Yeye mwenyewe alikaa nyuma akiimba, na kila kituo walichopita, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, aliwapigia watu kelele kwamba Bungoma imeshinda. Watu hawakujua imeshinda nini, lakini walipiga vifijo.

Jumapili, wakati wa matangazo, Jairus alisimama mbele na karatasi yake. Akatangaza mkutano wa vijana. Akatangaza harusi. Halafu akakunja karatasi, akakohoa.

"La mwisho. Mke wangu jana alikwenda Kitale kwa mashindano, na akashinda."

"Mashindano ya nini, mzee?" aliuliza mchungaji.

Jairus alitazama dari. "Ni mambo ya... kuna mwezi. Unaitwa Tesh. Kuna mama mmoja mjane hapo, anafuga ndege." Akaona hafiki popote. "Ni ndefu. Lakini ningekuwa nimekaa nyumbani, ningejuta."

Kanisa lilicheka, na katikati ya kicheko makofi yakaanza, kwanza kwa vijana wa kwaya, kisha yakaenea kiti kwa kiti mpaka Phelista akalazimika kusimama na kuinua mkono.

Nje, wakati wa chai, akina mama walimzunguka. Alisimulia daraja, alisimulia giza la pango, alisimulia jinsi Kipngetich alivyoinua mkono wake. Walipotawanyika, Mama Gathoni alibaki nyuma, akizungusha kikombe kilichokwisha chai.

"Phelista. Hiyo kitu, mtu anaanzia wapi?"

"Kesho saa kumi, kwangu," alisema Phelista. "Na uje na miwani. Utakufa sana siku ya kwanza."